Mteja wa Nyuma ya Pazia

Mume wangu ni mpelelezi wa kujitegemea. Usicheke. Mji wetu ni mdogo, ukipiga chafya sokoni mtu wa stendi anakupa pole, na bado kazi ipo: mbuzi waliopotea, wachumba wenye majina mawili, vitasa vya milango ya shule vinavyong'olewa kila likizo. Watu wanamwita Tochi, kwa sababu hatembei bila tochi hata saa sita mchana. Mimi ndiye karani wake, mpika chai wake na, akikosea, wa kumwambia.

Ofisi ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Stoo ya pembeni tuliigeuza chumba cha wateja, maana mlango wake unatokea uchochoroni na hapa kwetu hakuna anayetaka kuonekana akiingia kwa mpelelezi. Sheria ya Tochi ni moja: mteja haonwi na mtu ila yeye. Anaingia kwa nyuma, anakaa, hasemi neno. Ukutani kuna kengele ya baiskeli ya marehemu baba mkwe. Ikilia mara moja, mteja anataka chai. Mara mbili, sukari haitoshi. Mimi napitisha kikombe chini ya pazia huku nikiangalia dari. Miaka tisa sijachungulia hata mara moja, na umbea naupenda, Mungu shahidi wangu.

Mama yake Tochi anaishi nasi. Kumbukumbu zinamtoka kidogo kidogo. Leo anasahau alipoweka miwani, kesho anasahau kama anavaa miwani. Siku hiyo nilikuwa nimemkalisha jikoni achambue mchele. Tochi alikuwa ameondoka mapema kufuata nyayo za mbuzi.

"Mwanangu yuko wapi?" akaniuliza.

"Yuko kazini, mama."

Baada ya dakika mbili: "Mwanangu yuko wapi?" Nina ndoo ya nguo mkononi, sufuria inaungua, na yeye anauliza. Mara ya kumi na moja, nilihesabu, nikalipuka.

"Mama, umenichosha! Kama unamtaka sana, nenda kwa mpelelezi akakutafutie!"

Nikatoka kwenda kuanika nguo. Niliporudi, mchele ulikuwa mezani, kiti kitupu, mlango wa jikoni wazi. Nilizunguka nyumba nikiita. Niliangalia hadi chini ya vitanda. Barabara kuu ina malori yasiyomsubiri mtu, na mto ulikuwa umejaa tangu wiki iliyopita.

Nilimpigia simu Tochi, akaja mbio, mbuzi kamwacha hukohuko. Akafungua daftari lake.

"Mara ya mwisho kumwona, alikuwaje?"

"Anachambua mchele."

"Mlizungumza nini?"

Hapo ndipo nilipotenda kosa. Niliona aibu. Ningemwambiaje kwamba nimemfokea mama yake kama mwizi wa kuku?

"Hatukuzungumza kitu," nikasema.

Akaandika. Nilimwona akiandika, neno kwa neno. Kisha akafikiri kwa sauti, kama kawaida yake: "Mtu akiondoka kimya, anafuata mazoea. Mazoea yake ni nyumba ya zamani, ng'ambo ya mto." Tochi akishapata wazo, humtoi. Tukaelekea huko, tukiuliza kila mlango. Fundi viatu hakumwona. Muuza mkaa hakumwona. Kinyozi alisema amemwona, kumbe anasema ya juzi. Nusura nimpige na kiti chake.

Saa saba nilirudi nyumbani mara moja, huenda amerejea mwenyewe. Wapi! Nyumba kimya. Ghafla kengele ikalia, mara moja. Mteja. Leo hii! Nilimimina chai machozi yakinidondoka, nikasukuma kikombe chini ya pazia.

"Mpelelezi ana dharura, utasubiri sana," nikasema, macho darini.

Kengele ikalia mara mbili. Sukari. Nikaongeza. Ikalia tena mara mbili. Nilitamani kumwagia kopo zima kichwani. Watu wengine hawana huruma jamani, mwenzio anafiwa, wewe unataka sukari! Nikaweka vijiko vinne, nikaondoka nikikimbia.

Nilimkuta Tochi darajani ameshika ndala ya bluu. Mama anavaa za bluu. Nusu ya mji inavaa za bluu, hilo nalijua na yeye analijua, lakini alikuwa ameshaingia majini, tope hadi kiunoni, anamulika chini ya daraja na tochi yake mchana kweupe.

"Mama! Mama!" Sauti ilikuwa ya mtoto. Sijawahi kumsikia hivyo tangu tuoane, na moyo wangu ulishindwa kuvumilia.

"Baba watoto, nimekudanganya," nikalia. "Alikuwa anakuulizia wewe. Nikamfokea. Nilimwambia kama anamtaka sana mwanawe, aende kwa mpelelezi akamtafutie."

Alisimama. Akainua uso taratibu.

"Ulimwambia aende wapi?"

"Kwa mpelelezi," nikarudia.

"Ofisini kuna mteja?"

"Yupo. Amekunywa chai."

"Sukari?"

"Vijiko vinne," nikasema, na hapo nikakumbuka ni nani kwetu anayekunywa vinne.

Tulikimbia hadi watu wakadhani kuna moto. Tulipofika, zamu hii niliangalia chini. Nyuma ya pazia, ndala mbili za bluu, zimepangwa vizuri kando ya miguu.

Tochi aliingia vilevile na tope lake. Mimi nikabaki upande wa pili, nimeshika ukuta.

"Wewe ndiye mpelelezi?" Ilikuwa sauti ya mama. "Mbona umechafuka hivi?"

"Kazi, mama," akajibu.

"Nimempoteza mwanangu. Tangu asubuhi sijamwona."

Nilitegemea amwambie, mama, ni mimi. Nadhani alitaka. Badala yake kiti kikalia, akakaa, na daftari likafunguliwa.

"Ana umri gani?"

"Yuko darasa la tatu. Mtundu, ila ana adabu."

"Alama yoyote mwilini?"

"Kovu kidevuni. Alianguka kwenye ngazi akikimbia mvua."

Najua alimwinulia kidevu, maana kovu lile nalijua kuliko uso wangu.

"He! Na wewe unalo," mama akasema. "Vizuri. Utamjua ukimwona."

"Nitamjua, mama." Sauti ilikatika katikati. "Nani alikuelekeza kwangu?"

"Kuna mama mmoja pale nyumbani. Mkali huyo! Lakini nimeuliza asubuhi nzima, na ni yeye peke yake aliyeniambia niende wapi."

Miaka tisa ya sheria nikaitupa hapohapo. Nikavuta pazia, nikapiga magoti kwenye tope la mume wangu.

"Nisamehe, mama."

Aliniangalia kwa upole, kama mtu anayemwona mgeni ana shida.

"Na wewe umepoteza mtu?"

Akasogea kwenye benchi, akanipigia nafasi kwa kiganja.

"Basi kaa hapa," akasema. "Tumsubiri pamoja."