Mwezi wa Kubandika na Mke Asiyeshikika

Usiniambie wanawake wa mlima wetu wa Aventino, hapa Roma, hawajui sheria. Wanaijua kuliko njia ya mtoni, kwa sababu sheria ndiyo inapanda nao kitandani.

Sheria yenyewe ni hii. Mwanamke akikaa na mwanamume nyumba moja mwaka mzima bila kulala nje, anaingia mkononi mwake. Yeye na kila alicho nacho. Akitaka kubaki mtu wake mwenyewe, basi kabla mwaka haujafika mwisho alale kwingine usiku tatu mfululizo. Basi. Wengi wanaijua na wanaona haya kuitumia. Watu watasema nini, mume atanuna, na kadhalika. Ofilia haya hizo hakuzaliwa nazo.

Ofilia anatia nguo rangi. Mikono yake ni myekundu hadi viwikoni, haitoki hata umsugue kwa mchanga. Kiwanda aliachiwa na baba yake, pale karibu na mto Tiberi: mapipa, majiko, na ule mtungi wa mlangoni ambamo wapita njia wanakojoa, kwa sababu bila mkojo rangi haishiki. Hana kingine duniani. Hana kaka, hana shamba. Ana mapipa.

Akahamia kwa Numerio siku ya kwanza ya Machi, sikukuu ya wake. Harusi hawakufanya, maana Machi ni mwezi wa makuhani wa kurukaruka na ngao, hakuna anayeoa. Walipendana tu, wakachoka kusubiri. Numerio ni mtu mzuri. Shida yake moja, ana mama.

Mama huyo, Herenia, alikitaka kiwanda tangu siku ya kwanza. Si kwa ajili ya rangi. Kaka yake, Manio, alikuwa amechaguliwa msimamizi wa soko kwa mwaka ule mmoja, hadi Machi, na alikuwa anatafuta ghala la divai karibu na mto. Mapipa yatupwe, divai iingie. Walishapanga hadi mlango utakaa upande gani.

"Mkaza mwana, unanuka," Herenia alikuwa anasema kila jioni.

"Nanuka kazi, mama. Na hiyo shuka nyekundu uliyojifunga, unadhani iliogeshwa kwa maji ya waridi?"

Ofilia hakuficha nia yake. Alimwambia mumewe waziwazi kwamba Februari ikikaribia kwisha atakwenda kulala kwa shangazi yake.

"Ofi, kwani mkono wangu una ukurutu?" Numerio akauliza, kanuna.

"Mkono wako hauna neno. Tatizo ni mama aliyeushika."

Ikafika sikukuu ya mipaka, mwishoni mwa Februari. Majirani tuko nje kwenye jiwe la mpaka, tumelipaka damu ya mwanakondoo, tunagawana keki za asali. Ofilia hayupo. Ndani ya nyumba Herenia ameficha viatu vyake na joho lake, kapiga komeo, kakaa mlangoni na pia yake ya kusokotea sufu.

"Unaumwa," Herenia akamwambia.

"Siumwi."

"Utaumwa."

Ofilia akapiga kelele hadi sauti ikakauka. Sote tulisikia. Hakuna aliyegonga, hata Numerio. Ndiyo, nasema hakuna, maana mama mkwe akisema mgonjwa yuko ndani, wewe ni nani?

Mara mpiga mbiu akapita. Makuhani wameongeza mwezi! Kesho si Februari tena, ni mwezi wa kubandika, na Machi itakuja baada yake. Kila mtu akalaani. Muoka mikate akatema mate chini. "Mwaka uliopita ulihitaji mwezi hawakutoa, mwaka huu hauhitaji wanatoa. Hawa wanahesabu jua au wanahesabu marafiki?"

Jibu likaja lenyewe. Manio akatokea na mtungi wa divai, uso unang'aa, nusura apande juu ya jiwe la mpaka. "Mmesikia? Kiti changu kimepata mwezi mzima! Mnadhani makuhani waliota? Watu tuliongea!" Akajimiminia. Hakuona aibu hata kidogo, na kwa nini aone? Huko juu ndivyo wanavyoishi. Mwaka kwao ni unga, wakitaka wanaongeza maji.

Herenia alisikia akiwa mlangoni. Kumlinda mtu siku chache ni jambo moja, kumlinda mwezi mzima ni jambo jingine. Kiwanda kimefungwa, wateja wanagonga, Ofilia anavunja vyungu ndani. Kwa hiyo bibi akajitungia sheria yake. Mwezi wa kubandika ni kiraka, na kiraka si nguo. Mwaka unakwisha pale ambapo Februari ingekwisha. Akazilinda zile siku zilizobaki, hakulala, macho yakawa mekundu kama mikono ya mkaza mwana wake. Asubuhi iliyofuata akafungua komeo, akamkumbatia.

"Karibu nyumbani, binti yangu. Sasa wewe ni wetu. Manio ataleta watu wa kubeba mapipa."

Ofilia hakubishana. Aliingia ndani, akaviringisha godoro, akajitwika kichwani, akatoka. Pekupeku. Mchana kweupe, siku ya soko, akapita katikati kabisa ya soko, anapiga kelele:

"Nakwenda kulala nje! Shuhudieni! Nalala nje!"

"Kwa nani, mrembo?" muuza soseji akachokoza.

"Kwa shangazi, mjinga wewe, anakoroma kama nguruwe! Unataka kuja?"

Soko likaangua kicheko. Herenia akaja nyuma mbio, shuka inaburuzika, Numerio nyuma yake. Wakamfikia mbele ya kiti cha Manio, ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa amemnyang'anya muuza samaki kapu zima kwa madai kwamba limeoza.

"Rudi! Mwaka umekwisha!" Herenia akafoka. "Umekwisha jana! Huu si mwezi, ni upuuzi wa makuhani, hauhesabiki!"

Ofilia akatua godoro. Nilikuwa hapo. Akishindwa hapa, jioni hana pipa hata moja.

"Rudia, mama. Rudia kaka yako asikie. Kama huu si mwezi, yule kwenye kiti ni nani?"

Akamnyooshea Manio kidole.

"Mwezi haupo, basi na msimamizi hayupo. Ni mzee tu amekaa sokoni na samaki wa mtu."

"Ahaa!" muuza samaki akaruka. "Anirudishie kapu langu!"

"Na mizani yangu!" mwingine akadakia. Watu wakaanza kusogea. Manio akakitazama kiti chake, akawatazama watu, akamtazama dada yake.

"Dada, nyamaza."

"Manio, ghala..."

"Nimesema nyamaza! Mwezi ni mwezi. Mwaka unakwisha Machi ikiingia."

"Kwa wote?" Ofilia akauliza.

"Kwa wote," akasema, kama mtu anayetapika.

Ofilia akajitwika godoro. Alilala kwa shangazi usiku tatu, akaongeza wa nne kwa hasira tu. Kisha akafungua kiwanda, akawasha majiko. Kwa Numerio alirudi, ndiyo. Mnaouliza kwa nini alirudi, nendeni mkaulize wake zenu. Alitaka mume, hakutaka mmiliki. Ni vitu viwili.

Siku ya kwanza ya Machi, siku ambayo waume wanawapa wake zao zawadi, Numerio akamletea kifurushi. Ndani mna viatu.

"Hivi ni vyangu," Ofilia akasema.

"Najua. Nimevitoa chini ya kitanda cha mama."

Ofilia akacheka, akavivaa hapohapo. Herenia alikuwa kwenye kona anasokota sufu, hakuinua kichwa.

"Mwakani nitakufunga kwa mnyororo," akasema.

"Funga, mama. Mwaka ni mrefu, na nyie wenyewe mnapenda kuurefusha."