Kapera wa Mapaa Pacha

Kaka yangu Chai Maolin alikuwa fundi wa mapaa ya kasri hapa Beijing, na ukitaka kumjua ni mtu wa namna gani, jua kwanza kwamba alikuwa kapera mpaka nywele zikamwisha kichwani. Si kwamba hakupendwa. Mimi dada yake nimeona kwa macho yangu wanawake wakimtengea kiti. Kilichomchelewesha ni paa, na msimamizi wake Bian, na ule upumbavu wetu sote wa kukubali jambo kwa sababu tu tumelikuta.

Nimekuwa mpishi wa kikosi chao cha mafundi tangu mume wangu alipofariki, kwa hiyo ninayoyasema niliyaona nikiwa na mwiko mkononi.

Kasri halina kitu cha pekee. Ukumbi wa mashariki una mwenzake magharibi, mnara una mnara, simba dume wa mawe ana simba jike ng'ambo ya ngazi. Mafundi wa mapaa nao hufanya kazi hivyo hivyo. Huanzia katikati, kwenye uzi wa kupimia, mmoja akaenda kushoto na mwingine kulia, kigae kwa kigae, na mmoja akishuka kunywa chai mwenzake naye huacha kazi amngoje. Upande mmoja ukitangulia, wanasema, nyumba itazaa watoto wasioheshimiana. Niliwahi kuwauliza nyumba isiyolala mtu itazaa vipi, wakaniambia nikoroge uji.

Katikati ya mgongo wa paa huachwa pengo. Siku ya mwisho huingizwa humo kasha dogo la shaba lenye nafaka, nyuzi za rangi na vipande vya madini, pengo likafunikwa kwa kigae, ndipo paa likahesabiwa kuwa hai. Wenyewe wanaita kumfunga joka mdomo. Na anayeingiza kasha lazima awe mwanamume ambaye hajaoa. Mwenye mke ana jiko, mwenye jiko ananuka moshi, na moshi, wanasema, humwita moto. Chini ya vigae vile ni mbao tupu, na hakuna neno linalowatisha mafundi wetu kama moto.

Utasema makapera wako wengi. Wako, lakini ni wanagenzi, na mwanagenzi haruhusiwi kukanyaga mgongo wa paa mpaka mikono yake ikomae. Ikishakomaa, mama yake ameshamtafutia mchumba. Maolin aliingiza kasha mara ya kwanza akiwa bado kijana, na jioni ile ile radi ikapasua msonobari uani bila kuligusa paa. Basi. Tangu siku hiyo Bian akauamini mkono wa kaka yangu, na kikosi kizima kikaamini pamoja naye.

Hata miaka ile ya kampeni za kisiasa, mambo ya kale yalipopigwa marufuku, kasha liliingizwa alfajiri kabla ya vikao kuanza, sigara zimechomekwa kwenye ndoo ya mchanga badala ya ubani. Aliyepanda ni Maolin.

Wakati huo alikuwa na msichana, Miao Fengying, binti wa wachoma vigae wa kijiji cha tanuri. Alimwambia angoje paa la lango la mashariki lifungwe, naye akangoja. Lilipofungwa, Bian akasema la magharibi nalo lazima lifungwe kwa mkono ule ule, maana mapaa pacha yakifungwa na watu wawili yataoneana wivu. Kisha kazi ikasimamishwa miaka mingi, mafundi wakapelekwa mashambani kulima. Fengying akaolewa na mwendesha gari la makaa, na mimi sikumlaumu. Maolin alikwenda harusini, akala kama wengine, akarudi akalala na viatu.

Baada ya hapo kila alipoanza kumtazama mtu, kulikuwa na paa limefungwa na pacha wake anangoja. Vijana wakampa jina la bwana harusi wa paa. Alicheka nao, na alizeeka akicheka nao. Magoti yakaanza kulia akipanda ngazi, ikawa kila jioni namkanda kwa pombe ya moto huku akilalamika kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi. Nilichoka kumkanda, nasema kweli. Nilitaka mtu mwingine amkande.

Mtu huyo akapatikana. Aliitwa Geng Suqin, mjane, muuza mikate ya ufuta kwenye kona ya kichochoro chetu, mwenye mdomo mkali kuliko wangu, na hilo si jambo dogo. Alikuwa akimwekea Maolin pembeni ile mikate iliyoungua kidogo, kwa sababu ndiyo aliyoipenda. Walipokubaliana kuoana, paa la ukumbi wa mashariki lilikuwa limeshafungwa na la ukumbi wa magharibi halijaanza hata kuezuliwa vigae vya zamani. Basi tulijua yatakayofuata.

Bian alikuja nyumbani na chupa. Hakuwa mtu mbaya, nalisema hilo ingawa linanichoma. Alimimina, akazungumza habari za magoti, akazungumza habari za mvua, ndipo akalitoa lililomleta.

"Fundi Chai, mimi sikuzuii kuoa. Oa hata kesho. Ila paa lile likishika moto, nitawaambia nini wenzetu?"

Kaka akatazama kikombe chake. Nikadakia mimi kwamba likishika moto waite zimamoto. Bian akanigeukia kwa upole.

"Dada Xiuyun, wewe pika. Haya si ya jikoni."

"Ni ya jikoni haswa," nikamwambia. "Mnamnyima mtu mke kwa ajili ya vigae, halafu jioni mnakuja kula kwangu mnasema chumvi imezidi."

Maolin akaniomba ninyamaze. Akamwambia Bian atangoja. Suqin alipopata habari hakugomba, na mimi ningependa angegomba. Alipangusa meza yake, akasema mwanawe anayeishi mji wa Tangshan anamtaka akakae naye amlelee wajukuu, na kwamba yeye atangoja paa moja tu, hilo la magharibi, hatangoja jingine.

Paa likakataa kwisha. Kwanza ilikuwa mvua. Kisha vigae vilipofika ikaonekana njano yake imepauka kuliko ile ya mashariki. Mimi sikuona tofauti, lakini Bian alisimama katikati ya ua akigeuza shingo huku na huku kama anayetazama mpira wa meza, akavirudisha vyote tanurini. Majira yakapita. Kisha joka la udongo la mwisho wa mgongo likapasuka motoni, likafinyangwa upya, maana mwenzake wa upande wa pili alikuwa mzima na hawezi kutazamana na kilema. Kila jioni Maolin alipita kwa Suqin kumweleza kilichowachelewesha siku hiyo, na kila jioni maelezo yake yakazidi kuwa mafupi.

Mwishowe mtoto wa Suqin akaleta salamu kwamba Jumapili anakuja na lori kumchukua mama yake. Suqin akaanza kufunga sufuria zake. Maolin alirudi kutoka huko akaketi kitandani bila kuvua kofia.

"Xiuyun, nimechoka."

"Magoti?"

"Siyo magoti. Nimechoka kungoja."

Nikamwambia kama amechoka kungoja basi aache kungoja, mwanamke yuko pale konani anafunga sufuria, hayuko mwezini. Nilimwambia na mengine ambayo mdogo hapaswi kumwambia mkubwa wake. Alilia, na mimi sikumbembeleza. Asubuhi ya Jumamosi alioga, akavaa shati la sikukuu, akamfuata Suqin, wakaenda ofisi ya ndoa nami nikiwasindikiza mpaka mlangoni. Mchana tukala tambi za harusi, sisi watatu, madirisha yamefungwa. Kijana wa Tangshan alipofika kesho yake alinuna, akala tambi zilizobaki, akaondoka na kabati la mama yake bila mama.

Maolin aliazimia kumwambia Bian taratibu. Alidhani nafasi anayo, kwa kuwa kasha lilipangiwa mwezi uliofuata. Lakini jioni ile ile ya Jumapili ikaja habari kwamba wakubwa fulani watapita kasrini Jumatatu na wanataka kuona paa likifungwa, liwe limekwisha lisiwe limekwisha. Nilimsikia akigeukageuka upande wa pili wa ukuta, na Suqin akimwambia alale.

Asubuhi uani palikuwa na viti vilivyofunikwa vitambaa, ubani, na kasha limefungwa utepe mwekundu. Suqin alikuja kunisaidia masufuria. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la chai karibu na ngazi ya jukwaa, kwa hiyo nilisikia kila neno. Bian alimkabidhi kaka kasha kwa mikono miwili, kama ilivyo desturi. Kaka hakulipokea.

"Siwezi kupanda," akasema. "Nimeoa. Juzi, Jumamosi."

Nilikaza mikono kwenye sinia. Maneno ya kumjibia nilikuwa nimeyaandaa, na yalikuwa machafu. Bian alimtazama kaka yangu, kisha akawatazama wageni. Mmoja wao alikuwa akiangalia saa. Bian akanyoosha utepe wa kasha uliokunjamana.

"Panda tu," akasema.

"Nimekwambia nimeoa."

"Nimesikia. Hongera. Nani atajua? Mambo ya wazee tu haya, Fundi Chai. Panda, watu wanangoja."

Nilidhani kaka atamtupia kasha lile usoni. Mimi ningemtupia. Yeye akauliza polepole, kama mgeni anayeuliza njia, "Na kama ningekwambia hivi zamani?"

Bian alimshika kiwiko akamwelekeza kwenye ngazi, na Maolin, ambaye mwili wake haujui kufanya vingine, akapanda. Aliingiza kasha vizuri, kwenye uzi kabisa. Akaweka kigae, akafuta chokaa pembeni kwa kidole. Wageni wakapiga makofi, vijana wakampigia kelele za bwana harusi wakidhani wanamtania kama siku zote. Akashuka ngazi moja moja kwa magoti yale yale, akaja jikoni kwetu.

Suqin alimpa bakuli la uji, akamtazama usoni, akaogopa.

"Amekataa?"

"Hakukataa."

"Mbona uso umekuwa hivyo?"

Maolin aliweka bakuli chini bila kuonja.

"Hakukataa, Suqin. Nimemwambia nina mke, akasema panda tu."

Suqin aliketi kando yake juu ya gunia la unga, akaanza kumkanda magoti. Mimi ndiye niliyelia.