Mkono wa Kulia wa Shangazi

Ngozi ya mbuzi tuliipata kwa mchinjaji wa Likoni, ingali mbichi, tukaitandaza barazani kwa shangazi yangu. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu wa Junda, wanafunzi wa udaktari tuliokuja likizo kutoka Kampala, miaka ile ya mwisho ya Mwingereza. Darasani tulikuwa tumesikia habari za upasuaji wa kutengeneza maumbile: ati ngozi iliyojikunja kwa kuungua hurefushwa kwa kukatwa mfano wa herufi Z, kisha pembe zake zikabadilishana mahali. Mimi sikuamini. Kitu ukikikata kitarefukaje?

Tukakata, tukashona, tukapima. Uzi tuliopimia mwanzo haukutosha tena. Mwenzangu akapima na upana, akaona umepungua. Kumbe ule urefu ulitoka ubavuni! Tulifurahi kama watoto walioona mwezi wa Idi. Shangazi alikuwa mlangoni akitutazama. Akauliza, mbuzi keshakufa, sasa twamtibu maradhi gani.

Tulicheka, lakini macho yetu yalikuwa kwenye mkono wake. Utotoni aliangukia meko, na vidole vitatu vya mkono wa kulia vikagandana na kiganja. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na miaka yote hiyo nilimwona akila kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, peke yake jikoni. Akialikwa karamu husema ameshiba. Sasa bintiye alikuwa yuaolewa, na mama wa bibi arusi hana pa kujificha: ataketi sinia moja na jamaa za bwana arusi. Jambo hilo lilimkosesha usingizi.

Tukamvusha kwa feri hadi kisiwani, kwa daktari mpasuaji, Mhindi mmoja mpole. Hatukumpa shangazi nafasi ya kusema. Tulimweleza daktari vidole vinyooshwe vyote, tena tulikuwa tumeshachora wapi pakatwe. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia shangazi, akamuuliza mkono huo autakia nini. Tulikuwa tumepima kila pembe ya kiganja kile, na swali hilo halikutujia.

"Nataka kufumbata tonge, daktari," shangazi akasema. "Kunyooka si shida yangu."

Ngozi ya kiganjani haikutosha kuchezewa Z zetu, basi daktari akakifungua kiganja na kukiziba kwa ngozi ya paja la shangazi. Alituruhusu kusimama nyuma yake. Nilitaka kujua kila kitu: ngozi ile italishwa na nini, itaota vinyweleo, itahisi moto? Mwishowe muuguzi akaniambia nipunguze domo.

Bandeji zilipotoka, shangazi alifanya mazoezi kwa kufinyanga unga wa chapati kila asubuhi. Vidole viwili vikatii. Cha mwisho kikagoma, kikabaki kimepinda, nami kikaniudhi kweli. Kila nikipata nafasi nilikipima kwa uzi. Shangazi alinyoosha mkono, akageuza uso kando.

Siku ya harusi wanawake walikuwa ndani, sisi wanaume uani. Pilau sikuigusa. Nilikuwa nikitega sikio dirishani, na nilichosikia ni vigelegele tu. Hatimaye nikaambiwa shangazi aniita jikoni. Nikaenda na uzi wangu mfukoni.

Alikuwa ameketi mkekani, mbele yake sinia lenye wali uliobakia. Nikamwamkia, nikamuuliza mambo yalikwendaje. Alipeleka mkono wa kulia siniani, akakusanya wali polepole, akaufumbata.

"Keti. Fungua mdomo," akasema. "Nimekulea, mwanangu, na sijapata kukulisha kwa mkono huu hata siku moja."

Nikala. Nililia vibaya, mtu mzima mimi, na wali mdomoni. Nilipotoka, mwenzangu alikuwa yuaningoja mlangoni. Akataka kujua kile kidole kilikuwaje, kilijikunja au kilisimama. Nikamwambia sikukitazama.