Kavagoni Yenye Nilikatazwa Kukwangula

Mwaka wa 1992 njo mateso ilianza, mi niko na miaka makumi tatu na ine. Hii si hadisi ya kulalisha batoto. Ilinipata mimi mwenyewe, mchana, na sikukuwa nimekunywa hata kidogo. Mwenye kukatala, akatale.

Nilisoma tu mpaka mwaka wa tatu wa primaire, lakini ku atelier, karakana ya kutengeneza bavagoni ya treni, hakuna mwenye alinipita kwa kupakala rangi. Atelier ilipofunga, nilianza kununua tutreni twa kuchezea twenye Bazungu baliacha mu manyumba. Nilikuwa natengeneza, napakala upya, nauzisha. Majirani balinicheka: «Papa muzima anacheza na tubintu twa batoto!» Bacheke. Njo ilitulisha.

Ile wakati balikuwa banafukuza bantu ya Kasai mu muji yetu, barudie kwabo na treni. Bibi yangu Kabedi alikuwa mutoto yabo. Mama yake alilala nje ku gare, stesheni ya treni, anangojea kuondoka, na alikuwa mugonjwa. Kabedi alifunga bintu, akabeba beseni yake, akaniambia: «Siwezi kuacha mama afe mu njia.» Alienda. Nilibakia na brashi.

Siku moja mvua inanyesha na jua inawaka pamoja, muzee mumoja akaingia mu lupango, kiwanja ya nyumba yangu. Kepi ya cheminot, mufanyakazi wa reli, ku kichwa, nguo kavu. Mu mvua, unasikia? Kavu! Akaweka ku meza kavagoni ka kijani, kazito sawa jiwe.

«Fundi, pakala rangi ingine juu. Lakini usikwangule ile ya zamani.»

«Muzee, rangi juu ya rangi inabanduka.»

«Pakala tu. Na madirisha, funika yote. Nitarudia.»

Ku atelier yetu, mwenye kupakala juu ya rangi ya zamani tulikuwa tunamuita fundi wa makaburi. Mi, fundi wa makaburi? Muzee hakufika hata ku kona, nikakamata kisu.

Chini ya kijani, nyekundu. Chini ya nyekundu, nyeupe. Chini ya nyeupe, kioo. Na ndani, tubantu, kila mumoja sawa punje ya muchele, tumekaa na mizigo. Niamini. Mumoja alikuwa na beseni ku magoti, yenye kiraka ya bati. Ile kiraka niliipiga mimi mwenyewe. Kando yake, mama yake, kichwa ku bega. Meza ikaanza kutetemeka pole pole, sawa reli wakati treni iko mbali.

Nikaita: «Kabedi!» Akageuka. Hakuniona.

Mulango ya kavagoni ilikuwa imeshikwa na rangi ngumu. Nikakwangula, nikakwangula, mpaka ikaanguka ku meza. Harufu ya makaa ikatoka.

Muzee eko nyuma yangu. «Fundi, umeniharibia gari. Sasa itafunga namna gani?»

«Haitafunga.»

Akacheka bila hasira. «Kichwa ngumu, wewe.» Akabeba kavagoni, akakaweka ku reli ya zamani nyuma ya lupango. Sasa sikiliza muzuri. Alitembea kando yake, na akaanza kuwa mudogo. Haikuwa sababu ya kwenda mbali. Pale pale alipungua, alipungua, mpaka akaingia mu ule mulango. Kavagoni kakaenda kenyewe, mu mvua ya jua.

Nilikimbia ku gare. Treni ilikuwa inaondoka. Kabedi amesimama chini, beseni ku kichwa, analia.

«Mulango ilikatala kufunga,» akasema. «Mama njo alisikia sauti yako. Ati: shuka, bwana yako anakuita. Nikakatala. Akanisukuma.»

Habari ya mama yake hatujaipata mpaka leo. Kabedi hajanisamehe kabisa, na hajaniacha. Mvua ikinyesha na jua, anatoka kuangalia ile reli. Mi ninabaki ndani.

Wewe mwenye kutengeneza bintu ya zamani, usifunike madirisha, usifunge mulango. Haujue nani eko ndani.

Leo niko na nyumba ya matofali ku mutaa ya Kasungami, shamba ya mahindi, mashine ya kupulizia rangi, kabati ya tutreni, milango yote wazi, kale kamulango mu mufuko ya shati, na bibi mwenye beseni ya kiraka.