Ufunguo wa Sanduku Niliuvaa Shingoni

Mniseme tu, nastahili! Mimi ndiye yule mama wa Babati aliyezunguka vijiji vya Nakwa na Mutuka na kipaza sauti akifundisha wenzake kulea, huku kwake kunaungua.

Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya kulinda watoto. Mchungaji alikuwemo, shehe, mtendaji, mwalimu, na polisi wa dawati la jinsia. Tuliungana ili tuwasikie mapema watoto wanaopigwa, wanaoishi kwa hofu na wanaoanza kuonja pombe. Tukaweka sanduku la mbao shuleni, mtoto aandike asichoweza kusema. Ufunguo nikakabidhiwa mimi. Jamani, niliuvaa shingoni pamoja na kitambulisho, mpaka sokoni!

Utaratibu ulitaka sanduku lifunguliwe kikaoni, mbele ya wote. Na vikao tulikaa kweli! Muhula mzima tulijadili sare ya kitenge ya Siku ya Mtoto wa Afrika. Mchungaji alitaka bluu, shehe kijani, mimi nikang'ang'ania damu ya mzee kwa sababu inanipendeza.

"Na sanduku je, Mama Mwenyekiti?" mwalimu aliuliza kila mara.

"Mwalimu, tumalize kwanza la sare. Watoto wapo tu."

Nyumbani mume wangu alikuwa akilewa, anavunja vyombo, kisha ananipiga. Binti yetu wa darasa la sita alipolia nilimfokea: "Nyamaza! Ya nyumbani hayatoki nje. Unataka watu wamcheke mwenyekiti?"

Siku moja nikaitwa shuleni. Mwanafunzi amekutwa na gongo kwenye chupa ya juisi. Nikaenda nimejiandaa kumsema mzazi wa huyo mtoto, hotuba ninayo kichwani! Nafungua mlango wa ofisi, aliyesimama mbele ya mwalimu ni binti yangu.

"Nani kakufundisha?" nikamwuliza.

"Nilionja ya baba. Nikinywa siogopi." Akautazama ufunguo shingoni mwangu. "Mbona nilishakuandikia, mama?"

Mwalimu alinyoosha mkono. Nikavua ufunguo.

Ndani ya sanduku mlikuwa na barua tatu, zote mwandiko wake. Ya kwanza nimeikariri: "Shikamoo Mama Mwenyekiti. Baba akilewa anampiga mama yangu. Mama amenikataza kusema. Naomba kamati ije nyumbani kwetu."

Tatu! Na mimi nachagua rangi.

Sasa binti yangu yuko Sigino kwa bibi yake, ustawi wa jamii ndio waliompeleka. Mume wangu nimemshtaki, nimechelewa. Uenyekiti nimeuacha. Kitenge kilikuja, damu ya mzee kama nilivyotaka, na sina wa kumvalia.

Jumapili nilimfuata. Akanipokea mzigo vizuri, kwa adabu zote, akasema, "Shikamoo, Mama Mwenyekiti." Hakuwa akinitania. Nililia mbele ya mama mkwe wangu bila aibu, na aibu ndiyo iliyonifikisha huko!

Ninyi wenzangu mlio kwenye kamati, wenye kofia, fulana na picha za kushikana mikono, nawasihi. Sare vaeni yoyote, hata magunia! Lakini sanduku lifungueni leo, akidi itimie isitimie. Na barua ya kwanza mkiishika, angalieni mwandiko kabla hamjauliza ni mtoto wa nani.