Mlingoti wa Roret na Kampuni Isiyo na Koo

Nilitoka nyumbani Kipkelion kwa hasira, na sioni sababu ya kuificha. Nilikuwa sebuleni kwangu, katika nyumba ya mawe niliyoijenga kwa jasho langu baada ya kufunga mitambo Doha miaka mingi, televisheni ilipoonyesha mlingoti wa redio wa Roret. Kampuni moja kubwa ya utangazaji ya jijini ilikuwa ikisherehekea historia yake. Msemaji akatamba kwamba wao ndio waliowaletea watu wa vilima vya chai redio ya kwanza ya lugha yao.

Mimi nimekulia Roret. Nilishuhudia mlingoti ule ukipandishwa kilimani vipande vipande, mabegani mwa wakulima wa chai. Ndio ulionitia hamu ya mitambo hadi nikapata diploma ya elektroniki, ya kwanza katika ukoo wetu. Sasa mtu aliyevaa tai ananisimulia mimi habari za mlingoti huo?

Kesho yake asubuhi nilitia mafuta pikapu yangu nikashika barabara.

Kituo cha kwanza kilikuwa Kericho mjini, kwenye ofisi ya tawi ya kampuni hiyo. Binti wa mapokezi alinisikiliza kwa adabu, hata nilipoitaja diploma mara ya pili. Akaniambia kumbukumbu zao zinaanza siku kampuni ilipochukua stesheni ya Roret. "Kabla ya hapo kwetu hakuna kitu, sir," alisema. Nilimuuliza kama watu wa Roret walikuwa wakitangaza usingizini. Akacheka kidogo, akanishauri nimtafute mtu wa kampuni aliyekuwepo wakati huo.

Mchana nilifika Roret. Kogo Taprandich, bibi aliyekuwa mtangazaji wetu wa kwanza, alikuwa shambani akichuma chai. Zamani alikuwa akikaa kwenye kachumba nyuma ya kituo cha kununulia majani, anatangaza lori la kubeba majani limekwama wapi, ili watu wasichume majani yakawanyaukia. Alitangaza pia ng'ombe waliopotea na mazishi. Leo chini ya mlingoti kuna kibao kipya cha kung'aa kinachoitaja kampuni kuwa mwanzilishi. Jina la mkulima hata mmoja halipo.

Nilimuuliza yeye na wenzake waliikabidhi kampuni stesheni vipi bila maandishi yoyote kuhusu waanzilishi.

"Wale wa kampuni walikunywa mursik kwangu," alinijibu, kana kwamba mimi ndiye mjinga. Mursik ni maziwa yetu ya kibuyu. Mtu akishakunywa kwako, amekuwa wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hadaiwi karatasi. Mkubwa wao wa wakati huo, Langat, aliahidi kibuyu kikiwa mkononi kwamba majina ya wenye mlingoti hayatapotea.

"Wenzangu wanazikwa mmoja mmoja," Kogo alisema, "kama watu ambao hawakufanya kitu. Nataka yasemwe nikiwa bado nasikia."

Nililala Roret, asubuhi nikaenda Longisa. Langat amestaafu huko, anafuga ng'ombe wa maziwa karibu na barabara ya hospitali. Nilimkuta amevaa gambuti. Nilimshambulia kwa maneno kabla hajanikaribisha kiti. Alinisubiri nimalize.

"Mimi nilikunywa," alisema. "Kampuni haikunywa. Nilipostaafu, walioingia hawakumjua hata huyo mama."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nilinyamaza. Hebu nivue hizi gambuti twende kwake."

Sikutarajia jibu hilo. Nilikuwa bado nina maneno mengi makali, ikabidi niyameze.

Alasiri tulifika Roret kwenye kituo cha majani, wakulima wakiwa wamejipanga na mifuko yao wakingoja lori. Nilitoa amplifaya na spika ninazotembea nazo siku zote kwenye pikapu, nikaziunganisha na betri upesi kuliko fundi yeyote wa jijini. Kogo alileta kibuyu, lakini hakukifungua.

"Langat, leo utasema kwanza," alimwambia. "Kunywa ni baadaye."

Langat akashika maiki. Alisema kampuni ilikuta redio ikiwa tayari inaongea, na kwamba aliyeahidi kulisema hilo ni yeye. Kisha Kogo akachukua maiki, akaanza kuyataja majina ya wenzake kwa sauti ileile ya utotoni mwangu. Kila jina lilipotajwa, mtu wa ukoo ule pale kwenye foleni aliitikia. Lori lilipofika, dereva alizima injini akangoja. Ndipo kibuyu kikafunguliwa.

Nilirudi Kipkelion siku iliyofuata. Kibao cha kampuni bado kipo kilimani, na hasira yangu pia ipo. Barua kwa makao makuu nimekwisha kuandika, Langat ametia sahihi. Nililojifunza ni hili: kampuni haina koo la kunywea mursik wala uso wa kuona haya. Ikija tena kwetu, itangulize karatasi. Karatasi hiyo nitaisoma mimi, kila mstari, na kibuyu kitakaa kimefungwa mpaka nimalize.