Mstaafu wa Herufi Kubwa

Wenzangu waliringa kwa viatu, wengine kwa baiskeli mpya. Mimi niliringa kwa programu ya kompyuta, na hata hiyo nilipewa bure.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nafundisha kompyuta katika chuo kimoja mjini Ruiru, juu ya duka la misumari na rangi. Chuo ni neno kubwa. Kilikuwa chumba kimoja chenye mashine chache zilizofunikwa vitambaa vya kufuma kama viti vya sebuleni, na simu iliyofungiwa ndani ya kisanduku cha mbao chenye kufuli ili wanafunzi wasije wakapigia wapenzi wao. Kila asubuhi kabla ya masomo, mwenye chuo aliniruhusu kuchomeka modemu, kile kifaa cha kuingilia intaneti kwa waya wa simu, kwa dakika chache. Alipenda ile milio yake ya kukoroma isikike hadi barabarani, watu wajue sisi ni wa kisasa.

Dakika hizo nilizitumia kwa jambo moja tu: kundi la majadiliano la Wakenya. Waliozaliwa juzi huenda hawayajui makundi hayo. Lilikuwa kama ubao wa matangazo ambao mtu yeyote duniani angeweza kubandika karatasi yake. Mmoja anaandika, mwingine anajibu, wa tatu anadakia, na kabla ya siku kuisha watu wasiojuana wameshakosana. Letu lilijaa wanafunzi na manesi walioko ng'ambo, wakiulizana ni wapi kwenye baridi ile mtu anaweza kupata unga wa ugali.

Njia za kulisoma zilikuwa mbili. Unaweza kwenda kwenye tovuti, ukafungua ujumbe mmoja, ukasubiri, ukafungua mwingine, ukasubiri tena, huku matangazo ya biashara yakichezacheza pembeni na bili ya simu ikipanda. Au unaweza kutumia programu maalumu ya kusomea makundi. Hiyo unaiunganisha mara moja, inazoa kila kitu kilichoandikwa, unachomoa waya, kisha unasoma polepole ukinywa chai. Na ilikuwa na kichujio. Mtu akikuudhi, unaiambia programu isikuonyeshe tena jina lake, na kuanzia hapo ni kama hajazaliwa.

Nilichagua programu. Hapo sikukosea, hata leo nitabishana na yeyote. Kosa ni kwamba niliigeuza dini. Wanafunzi waliokuja kujifunza kupiga chapa niliwahubiria ubaya wa tovuti. Kinyozi wangu alisikiliza jinsi ujumbe na majibu yake vinavyopangwa mpaka akaninyoa upande mmoja kuzidi mwingine. Na kule kundini, kwa jina la bandia ambalo sitalitaja kwa sababu aibu haijaisha, nilijiteua askari. Mtu akiandika jibu lake juu ya swali badala ya chini, namkemea. Akija kutoka tovuti, namwambia arudi alikotoka. Chini ya kila ujumbe wangu programu ilibandika yenyewe mstari niliotunga mwenyewe nikauona wa hekima: Sikiliza kwanza, andika baadaye.

Wakati huo nilikuwa nataka kuoa. Msichana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kalimoni. Alicheka haraka, alikasirika polepole, na sikuwa nimewahi kumtaka mtu yeyote namna ile. Nilijua pia kwamba hangeolewa bila baraka ya baba yake. Alikuwa ameniambia wazi, akiwa hana mzaha hata kidogo.

Baba yake alikuwa mzee mpole aliyestaafu kutoka posta, upande wa telegramu. Aliishi Thika na alikuwa na shamba kavu kule Ngoliba lililomkosesha usingizi kila msimu wa mvua. Siku nilipopelekwa kwake mara ya kwanza, aliniuliza kazi yangu. Mtu mwenye akili angesema anafundisha, akanyamaza, akala chapati. Mimi nilimweleza kundi la majadiliano kuanzia mwanzo.

Alisikiliza mpaka nikapumua. "Na hao watu wako huko," akasema, "mkiingia mnasalimiana?"

"Hapana, Mzee. Kule mtu haingii na salamu. Anakaa kando kwanza, anasoma, anajua desturi. Sisi tunasema, sikiliza kwanza, andika baadaye."

"Sikiliza kwanza, andika baadaye," alirudia, polepole, kama anayehesabu maneno ya telegramu. Kisha akauliza kama yeye pia anaweza kuingia. Alikuwa amesikia pale Thika kuna bureau ya kupiga chapa na fotokopi ambayo sasa ina intaneti.

Nilimwambia asithubutu. Pale ni tovuti tu. Anunue kompyuta yake kwanza, aweke programu inayofaa, halafu aje nimwelekeze. Kumwambia mstaafu anunue kompyuta, enzi hizo, ilikuwa sawa na kumwambia anunue ndege. Akainama akakoroga chai ambayo tayari ilikuwa na sukari. Nilirudi Ruiru nikiimba, nikijua nimefaulu.

Baada ya muda ujumbe mmoja uliingia kundini kutoka tovuti. Ulikuwa wa herufi kubwa mwanzo hadi mwisho:

HAMJAMBO NYOTE. NI MATUMAINI YANGU MU WAZIMA HUKO MLIKO. HUKU NYUMBANI MVUA IMENYESHA. MAHINDI YAMEOTA. NAWASALIMU. MSTAAFU.

Basi. Hakuna swali, hakuna mada. Anwani ilikuwa ya bureau, ile wateja wote hutumia, kwa hiyo haikusema ni nani. Damu ilinipanda. Nilimwandikia kwamba hapa si kijiweni, kwamba herufi kubwa ni kelele, kwamba mvua yake haituhusu, na kwamba watu wa tovuti ndio wanaoliharibu kundi. Nilitumia pia neno "mshamba". Na chini, programu ikabandika mstari wangu.

Utauliza kama sikumfikiria mzee wa Thika. Sikumfikiria. Kichwani mwangu huyo alikuwa bado anatafuta kompyuta ya kununua, kwa kuwa ndivyo nilivyomwagiza.

Kundi lilinigeuka. Manesi wa ng'ambo waliandika kwamba wamelia waliposoma habari ya mahindi. Mmoja alitaka kujua mvua ilinuka vipi. Wote walimwita Mzee, wakamwomba aandike kila wiki, na mimi wakaniambia nikaoshe mdomo. Nikakasirika kama mtoto aliyenyang'anywa mpira. Nikafungua kichujio, nikaiambia programu isinionyeshe tena anwani hiyo, wala mjadala wowote aliouanzisha, wala jibu lolote linalomtaja Mstaafu. Asubuhi iliyofuata kundi lilikuwa safi kabisa. Lilikuwa pia karibu tupu, lakini hilo nililiona kama dalili ya ubora.

Nikarudi kwenye shida yangu kubwa, ambayo ilikuwa kungoja. Wazee wangu walikuwa tayari kwenda Thika kuanza mambo ya ruracio, yaani mahari. Kilichobaki ni baba wa msichana kutaja siku. Hakutaja. Wiki zikapita. Nilianza kukosa usingizi, na hata chai ya asubuhi mbele ya kompyuta ikapoteza ladha. Nilihisi ananikataa kistaarabu, jinsi watu wa heshima wanavyokataa, kwa kunyamaza mpaka mwenyewe uchoke.

Mwishowe nikamwuliza msichana, tukiwa tumekaa nje ya duka moja Kalimoni na soda zetu.

"Baba yako ameniona mbaya?"

Aliniangalia kama nimerukwa na akili. "Kwani wewe ni mtu wa aina gani? Baba amekuuliza swali, umenyamaza. Ni mimi humpeleka huko bureau kila Jumamosi. Kila Jumamosi anaangalia kama umejibu. Watu wa majuu wote wanakuongelea wewe, na wewe uko kimya tu."

"Wapi?"

"Huko kwa kundi yako, si uko huko kila siku?"

Nilimwambia hiyo haiwezekani. Nasoma kundi hilo kila asubuhi, neno kwa neno, kwa programu isiyoacha kitu. Niliendelea kusema hivyo mpaka yeye akainuka na soda yake haijaisha, akaniambia twende Thika sasa hivi.

Pale bureau palikuwa na harufu ya wino wa fotokopi. Mhudumu alitufungulia tovuti ile ile niliyowakataza nusu ya watu wa Ruiru. Ukurasa ukajichora kutoka juu kwenda chini, taratibu, na mimi nikiwa nimesimama nyuma ya kiti kwa sababu bado nilikuwa na kiburi cha kukataa kukaa. Kisha nikaona, nikakaa.

NINA BINTI. KIJANA WA RUIRU ANAMTAKA. ANASEMA ANASOMA HAPA KILA SIKU. NIMEKUWA NA MAMA YAO MIAKA MINGI NA SASA HAYUPO, SINA WA KUSHAURIANA NAYE. NYINYI NI WATOTO WA WATU, MNISHAURI. NA KIJANA MWENYEWE ASEME KWA NINI NIMPE. MSTAAFU.

Chini yake majibu yalishuka hadi vidole vikachoka kubonyeza. Mtu wa nchi moja ya theluji aliuliza kama kijana anajua kupika. Mwingine alisema Ruiru ni karibu, binti atakuwa akirudi kumwona baba, ampe. Nesi mmoja aliandika kwamba mwanamume anayeshinda na mashine atakuwa mume wa mashine. Walibishana kunihusu asubuhi hadi jioni, watu nisiowajua, wengine kwa upole nisioustahili. Na kila baada ya siku kadhaa, herufi kubwa zilirudi: KIJANA BADO AMENYAMAZA. NAMNGOJA.

Watu wote duniani waliotaka kusoma habari ya ndoa yangu walikuwa wameisoma, isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa amejifungia nje kwa mikono yake. Nilimfikiria yule mzee akija mjini kila Jumamosi na shati lake lililofungwa hadi kifungo cha juu, akikaa kwenye kiti hicho hicho. Nikamwonea huruma, kisha nikajichukia. Na hapo ndipo nilipokumbuka neno "mshamba".

"Umeona?" msichana akasema.

"Nimeona."

"Sasa jibu."

Kumweleza habari ya kichujio ningeweza. Kumweleza ni nani aliyemtukana baba yake siku ya kwanza, hapana. Ujumbe ule ulikuwa mbali juu, na kwa bahati hakuwa na haraka ya kupanda huko. Nikaomba kibodi.

Nilijibu kutoka tovuti, kwa anwani ya bureau, na jibu nikaliweka juu ya swali. Kila sheria niliyowahi kumchapia mtu niliivunja ndani ya mistari michache. Nilianza na hamjambo nyote. Nikauliza habari ya mvua. Kisha nikaandika kwamba mimi ndiye kijana wa Ruiru, kwamba najua kupika maharagwe na chai tu, kwamba sikunyamaza kwa dharau ila kwa ujinga wangu mwenyewe, na kwamba sina sababu ya maana ya kupewa binti huyo zaidi ya kwamba nikikaa naye naacha kujisikia mwerevu, na hapo ndipo nakuwa mtu. Msichana alisoma akiwa amesimama nyuma yangu. Aliweka mkono begani mwangu akauacha hapo.

Jumamosi iliyofuata siku ilitajwa.

Tulienda Thika tukiwa tumejaa gari la kukodi, wajomba na shangazi na mimi katikati nimebanwa na kreti za soda. Kwa desturi bwana harusi hana la kusema siku hiyo. Wazee wake ndio midomo yake. Nililijua hilo vizuri. Lakini baba yangu mdogo, aliyekuwa msemaji wetu, alisafisha koo na kuwaambia watu wa upande wa pili kwamba mimi ni profesa wa chuo kikuu, na kwamba ndiye niliyeleta kompyuta Ruiru.

Sikuweza kuvumilia. Kama kuna kitu kimoja nilichozoea maishani ni kumsahihisha mtu mbele ya watu. Nilisogea mbele ya kiti, nikafungua mdomo.

Mzee alikuwa amekaa karibu nami, mikono juu ya magoti, akiangalia mbele. Hakugeuka. Alisema kwa sauti ya chini, polepole, kila neno mahali pake:

"Sikiliza kwanza, andika baadaye."

Nikarudi nyuma. Alikuwa amejua. Alijua tangu siku ya salamu za mahindi, na bado alinipa Jumamosi zile zote.

Msichana alikuwa akipita na chai, na alisikia. Akatuangalia, mimi kisha baba yake. "Haiya, nani anaandika hapa? Hiyo maneno imetoka wapi?"

Nilikodolea kikombe changu macho, nikingoja kuanikwa mbele ya ukoo mzima.

"Ni ya watu wa posta hiyo," alisema Mzee. "Mletee bwana yako sukari."